Kutembelea karakana na wasindikaji wa vyakula Dodoma na kanda ya kati: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nikipiga simu kabla ya kwenda, niulize nini?

Usiulize wanafungua saa ngapi. Utajibiwa "tupo", na ni kweli watakuwepo, lakini utakuta rafu ya chupa na kijana anayelinda duka. Uliza hivi: "Alhamisi mtakuwa mnafanya kazi gani?" Mfinyanzi ana siku ya kuponda udongo, siku ya kufinyanga, siku nyingi za kungoja vyungu vikauke na siku moja ya kuchoma. Mwenye mashine ya alizeti hukamua mzigo ukifika; usipofika, mashine inalala. Mtengeneza mvinyo huwa na wiki mbili tatu za kukosa usingizi, kisha miezi ya kungoja.

Swali la pili liwe umeme. Mashine nyingi ndogo hazina jenereta, na siku yenye matengenezo ya laini kazi husimama hadi jioni.

Ni miezi gani inafaa?

Kanda ya kati ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Kiangazi kinachofuata ndicho msimu wa karakana: udongo unakauka, njia za vijijini zinapitika, mavuno yameingia ghalani. Ukitaka kuona mengi kwa safari moja, chagua Agosti. Zabibu za msimu wa pili zinaanza kuvunwa, alizeti na karanga zipo, na maonyesho ya Nanenane pale Nzuguni huwakusanya wasindikaji wengi wadogo uwanja mmoja. Nanenane ni mahali pa kuonja na kuchukua namba za simu tu. Kazi yenyewe ifuate kwao, maonyesho yakiisha.

Asali nyingi huvunwa baada ya mvua, kwa kawaida Mei hadi Julai. Mlenda mbichi ni wa masika, lakini uliokaushwa unapatikana mwaka mzima.

Mashamba ya zabibu na watengeneza mvinyo wako wapi?

Hombolo ndiko kwenye jina kubwa, kilomita zipatazo 40 kutoka mjini: unashika barabara ya Dar es Salaam, kisha unakata kushoto Ihumwa. Upande wa kaskazini, barabara ya Arusha, kuna Veyula na Makutupora, kilipo kituo cha utafiti wa zabibu cha TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Aina ya zabibu nyekundu iitwayo Makutupora imepata jina huko. Barabara ya Iringa utakutana na Bihawana, misheni ya Wakatoliki yenye historia ndefu ya zabibu na mvinyo, kisha Mpunguzi.

Kituo cha utafiti na viwanda vikubwa vinataka barua au walau simu ya siku kadhaa kabla. Wasindikaji wadogo, ambao wengine wanafanyia kazi chumba cha uani, hupokea mgeni kwa simu ya jana yake. Ukisikia mtu anauza "mchuzi wa zabibu", usitafute sahani. Dodoma mchuzi wa zabibu ni mvinyo ghafi unaouzwa kwa jumla kwa wenye viwanda vya kujaza chupa.

Kwa nini zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka?

Katika nchi za baridi mzabibu hulala wakati wa majira ya baridi, na hali ya hewa ndiyo inayouamsha. Hapa hakuna baridi ya kuulaza, hivyo mwenye kuuamsha ni mkulima na mkasi wake. Akipogoa leo, baada ya takriban miezi mitatu na nusu hadi minne anavuna. Mavuno huangukia karibu na Februari hadi Aprili, kisha Agosti na Septemba. Kwa sababu tarehe inategemea siku ya kupogoa, mashamba mawili yanayopakana yanaweza kupishana wiki tatu. Mwulize mwenyeji alipogoa lini, kisha hesabu mwenyewe.

Mavuno ya masika yana shida ya ubwiri, maana ukungu unapenda majani yenye unyevu. Ya kiangazi huwa masafi zaidi, adui akiwa ndege. Ukiona shamba limefunikwa neti au watoto wanapiga madebe asubuhi, ujue zabibu zimeiva.

Nikifika wakati wa kutengeneza mvinyo, niangalie nini hasa?

Anza mlangoni, zabibu zinapopokelewa. Fundi anakamua tone moja juu ya kioo cha kipimo kidogo cha mkononi, anafunika, anakielekeza kwenye mwanga na kusoma namba. Hiyo ni asilimia ya sukari. Zabibu zikisoma 20, mvinyo ukichachuka wote utakuwa na kilevi cha takriban asilimia 11. Zikisoma 15, mvinyo utakuwa mwepesi na hautadumu, kwa hiyo wengine huongeza sukari ya dukani. Si siri wala aibu, lakini muulize. Anayejibu bila kuzungukazunguka ndiye wa kununua kwake.

Baada ya hapo vikonyo vinatolewa, maana vikibaki vinaleta uchungu, na zabibu zinapondwa. Pondaponda moja ya zabibu nyekundu kwa vidole: maji yake hayana rangi kubwa. Wekundu unatoka kwenye maganda, ndiyo maana mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja nayo kwa siku tano hadi kumi, na mweupe hukamuliwa kwanza. Gesi huyasukuma maganda juu yakawa kama kifuniko kinene. Kifuniko hicho lazima kizamishwe mara mbili tatu kwa siku kwa mti au chombo safi. Kikiachwa kikauke juu, bakteria wa siki wanapata hewa na joto, na baada ya siku chache pipa zima linanukia achari.

Adui mkubwa wa Dodoma ni joto. Kuchachuka kwenyewe kunatoa joto, na mchana wa Oktoba chumba chenye bati bila dari kinaongeza lake. Pipa likipita nyuzi 35 hamira inachoka na kufa kabla sukari haijaisha. Matokeo ni mvinyo mtamu usiotulia: ukijazwa kwenye chupa na hamira chache zikiwa hai, unaanza kuchachuka upya na kizibo kinasukumwa nje. Angalia basi wanapooza vipi. Wenye uwezo wana matangi yenye koti la maji baridi. Wadogo huzungushia pipa magunia yaliyolowa, au wanaliweka ndani ya beseni kubwa la maji.

Jambo moja la usalama, na hili halina mzaha: gesi ya kuchachusha ni nzito kuliko hewa, hutulia chini na haina harufu ya kukuonya. Usiinamishe kichwa ndani ya tangi, wala usimruhusu mtoto achungulie.

Nitajuaje kama mvinyo wa msindikaji mdogo ni mzuri?

Nusa kabla ya kuonja. Harufu ya siki au ya rangi ya kucha inaonyesha umeingiwa hewa. Harufu ya kiberiti kilichowashwa ni dawa ya kuhifadhia iliyozidi, na mara nyingi hupungua ukiuacha wazi kwenye glasi kwa dakika kumi. Inua glasi kwenye mwanga: ukungu kidogo hauna madhara, ila vipovu kwenye mvinyo usiokusudiwa kuwa na gesi ni dalili kwamba kazi haijaisha. Chupa iwe na lebo, kiwango cha kilevi na alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Tangu 2019 vyakula na vinywaji viko chini ya shirika hilo. Kuonja kuko kwa wenye umri wa miaka 18 kwenda juu, na dereva wenu asionje. Bajaji ya kurudia mjini ipangwe mapema, maana jioni Hombolo usafiri hupungua.

Ukikaribishwa gongo, kataa kwa adabu. Ni haramu kisheria na hakuna anayejua ndani yake mna nini.

Mashine ya alizeti ina nini cha kuona?

Zaidi ya unavyodhani, na haina kiingilio. Singida, Kongwa, Kibaigwa na pembezoni mwa Dodoma mjini mashine hizi zimejaa. Mbegu zinachekechwa kuondoa mawe na vipande vya chuma, maana msumari mmoja unaweza kuharibu parafujo nzima ya kukamulia. Kisha zinaingia kwenye mdomo wa mashine, parafujo inazisukuma dhidi ya chuma, mafuta yanachuruzika chini na mashudu yanatoka mbele kama vipande vya ngozi kavu. Kilo 100 za mbegu nzuri hutoa takriban lita 25 hadi 30. Mkulima akipata lita 18, aidha mbegu zake zilikuwa na pumba nyingi, aidha zilikuwa na unyevu, aidha parafujo imelika. Magomvi mengi mashineni yanaanzia hapo, na fundi mzuri atakuonyesha mashudu: ukiyafinya yakaacha vidole vimelowa mafuta, kosa ni la mashine.

Mafuta yanayotoka ni meusimeusi na ya moto. Yanapaswa kutulia siku mbili tatu, kisha yachujwe. Ukinunua yaleyale ya moto utapata kidumu chenye tope chini, na ukikaangia yatatoa povu na kuungua haraka. Ngoja yaliyotulia.

Wasiwasi wa wengi ni kuchanganyiwa mafuta ya mawese. Usiku wa Juni na Julai Dodoma na Singida ni wa baridi, na hapo kuna kipimo cha bure: acha chupa nje usiku. Asubuhi alizeti safi bado inamiminika. Iliyochanganywa mawese mengi huwa nzito au huweka vipande vyeupe chini. Kipimo hiki hakifai Novemba. Nyumbani weka mafuta gizani, kwani dumu jeupe likikaa juani yanachacha.

Wafinyanzi wanapokea wageni?

Ndiyo, lakini wengi ni akina mama wanaofanya kazi nyumbani kwao, kwa hiyo unaingia ua wa mtu, si duka. Piga hodi, salimia, kaa uambiwe. Kazi iko kiangazi. Masika udongo haukauki na kuni zimelowa.

Jambo la kutazama kwa karibu ni mkono, si chungu. Udongo uliokaushwa, ukapondwa, ukachekechwa na kulowekwa unakandwa pamoja na mchanga au vigae vilivyosagwa. Vigae hivyo vinaupa udongo nafasi ya kupumua motoni. Kisha mama anaviringisha udongo kama nyoka na kuuzungusha juu ya kitako, mzunguko juu ya mzunguko, akiufuta kwa gunzi la mahindi mpaka viungo vipotee. Kidole gumba kiko nje na vidole vinne ndani, na unene anaujua kwa kupapasa; wala hatazami. Ukingo unalainishwa kwa kipande cha ngozi au jani lililolowa, na chungu kikiwa nusu kikavu kinasuguliwa kwa jiwe la mtoni hadi king'ae.

Kukausha hufanyika kivulini, si juani, kwa siku kadhaa hata wiki. Upepo wa Dodoma ndio mwizi: unakausha upande mmoja kabla ya mwingine, na chungu kinapasuka mdomo. Kikichomwa na unyevu ndani, maji yanageuka mvuke na kinapasuka kwa mlio. Ukisikia mlio huo motoni usicheke. Ni hasara ya siku kadhaa.

Ukinunua, gonga kwa kifundo cha kidole: chungu kizima kinalia, chenye ufa kinatoa sauti iliyokufa. Chungu cha kupikia kiloweke usiku kucha, kisha chemshia uji mwepesi au maji ya pumba ili vitundu vizibe. Mtungi wa maji usiufanyie hivyo wala usiupake rangi, maana unapooza maji kwa kuvuja jasho, na ukiziba jasho maji yatabaki ya vuguvugu.

Vyombo vya muziki vya Wagogo vinatengenezwa wapi?

Chamwino Ikulu, kando ya barabara ya Dar es Salaam, ni mahali pazuri pa kuanzia. Tamasha la muziki wa Wagogo hufanyika hapo kila mwaka, kwa kawaida Julai, na wakati huo mafundi na wapigaji hukutana. Siku nyingine, uliza kijijini nani anatengeneza zeze au ilimba, na nenda na mtu anayemfahamu.

Ilimba ni sanduku la mbao lenye vijiti vya chuma, vingi vikiwa vya misumari au spoku za baiskeli zilizopigwa nyundo zikawa bapa. Fundi anapanga sauti kwa kusogeza kijiti: kikitokeza zaidi kinatoa sauti nzito, kikirudishwa ndani kinatoa nyembamba. Ugeuze uangalie matundu. Juu yake kuna utando mwembamba wa buibui uliobandikwa, ndio unaotoa ule mtetemo kama nyuki. Wageni wengi huufuta wakidhani ni uchafu, kisha wanalalamika kwamba chombo kimepoteza sauti. Usiuguse.

Kwenye zeze na ngoma, uliza ngozi ni ya mnyama gani. Ya mbuzi au ng'ombe haina shida. Ikiwa ni ya mnyama pori, kenge akiwemo, iache: bila kibali utakamatwa nayo barabarani au uwanja wa ndege, na fundi atakuwa mbali.

Asali niinunue wapi, na nitaitambuaje?

Manyoni na Itigi, mkoa wa Singida. Manyoni ni kilomita kama 125 kutoka Dodoma. Omba kuona kituo cha kuchakata, na kama unataka kuona mizinga, jiandae kwa jioni, maana nyuki wetu ni wakali mchana. Vaa nguo za rangi nyepesi, usijipulizie manukato, na mwenye mzio wa kuumwa na nyuki abaki kwenye gari.

Sahau habari za njiti ya kiberiti na tone kwenye maji. Vipimo hivyo vinadanganywa kirahisi. Muhimu ni unyevu: asali ya nyuki wakubwa ikizidi asilimia 20 hivi inaweza kuchachuka, na kituo makini kina kipimo chake. Kuganda si dalili ya sukari. Asali halisi huganda, na ukiitaka laini iweke chupa kwenye maji ya vuguvugu. Asali ya nyuki wadogo ni nyepesi, ina uchachu na hukaa muda mfupi zaidi. Ndivyo ilivyo, haijaharibika. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali ya aina yoyote.

Siagi ya karanga ya kienyeji ni salama?

Inategemea meza ya kuchambulia, si mashine ya kusaga. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka na karanga, iliua watu Dodoma na Manyara, na tangu hapo suala hili si la nadharia kwetu. Sumukuvu haionekani, na kukaanga hakuimalizi. Kwa hiyo omba kuona karanga kabla hazijakaangwa. Kama kuna mtu amekaa anatoa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, na zile mbovu zinatupwa badala ya kusagwa kando kwa bei nafuu, nunua. Kama gunia linamiminwa moja kwa moja kwenye kikaango, ondoka. Magunia yawe juu ya chaga, yasiguse sakafu wala ukuta.

Mlenda wa kukausha?

Kina mama wanauuza majumbani na sokoni Majengo. Uliokaushwa kivulini hubaki na ukijani. Wa juani hupauka. Tia kijiko cha unga wake kwenye glasi ya maji, koroga, subiri dakika mbili: mchanga utakaa chini. Ukikaa mwingi, umeanikwa chini bila turubai.

Nisalimieje, nipige picha, nilipeje?

Kwa Wagogo, "mbukwa" kwa mtu mmoja na "mbukwenyi" kwa wengi. Utaona nyuso zinafunguka. Kwa wazee shikamoo haijapitwa na wakati. Picha iombwe, na ya mtoto iombwe kwa mzazi. Usifike Jumapili asubuhi, watu wako kanisani, wala Ijumaa saa saba mchana kwa mwenyeji Mwislamu. Ukitaka kuunganisha safari na nyama choma, Jumamosi kuna mnada Msalato.

Malipo mengi ni ya simu, lakini nenda na noti ndogondogo kwa vijijini, mtandao una siku zake. Kuuliza bei ya mwisho ni sawa. Kumpunguzia mfinyanzi bei mpaka ashindwe kununua kuni si ujanja. Kama mwenyeji ametumia saa nzima kukuelekeza na hununui kitu, acha chochote cha shukrani.

Nisafirishe vipi nilivyonunua?

Beba kikapu chako. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019. Chungu kijazwe nguo ndani na kizungushiwe nguo nje, kisha kikae mapajani, si kwenye buti la basi. Dumu la mafuta au asali fungua kifuniko, weka kipande cha nailoni juu ya mdomo, funga tena, na lisimame wima. Kwenye ndege vimiminika vinavyozidi mililita 100 kwa kawaida huenda kwenye mzigo wa kukabidhi. Mvinyo usiuache ndani ya gari lililoegeshwa juani Dodoma hata kwa saa moja, kizibo kitasukumwa na viti vitanukia zabibu hadi msimu ujao.